Simba Mwenda Pole Ndiye Mla Nyama: Unyatiaji katika Mchezo wa World of Warcraft na Uwezo wa Kiswahili Kuueleza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mfumo wa kunyata na kujificha unavyofanya kazi katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji huigiza mhusika katika ulimwengu wa kubuni. Tunajikita katika toleo la awali la mchezo huo, lililotolewa mwaka wa 2004 na kurejeshwa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwaka wa 2019 kwa jina la World of Warcraft Classic. Hoja yetu kuu ni kwamba mfumo huu umejengwa juu ya tofauti kati ya kuonekana na kuonwa, na kwamba minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili huidhihirisha tofauti hiyo kwa uwazi. Aidha, tunaonyesha mahali ambapo istilahi zetu bado zina mapengo.

1.0 Utangulizi

Katika mjadala mmoja bwenini, mwenzetu mmoja alikuwa akisimulia jinsi alivyompiga adui kutoka nyuma katika mchezo wa tarakilishi. Alianza kwa Kiswahili, akafika katikati akakwama, kisha akamaliza kwa Kiingereza. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa mambo hayo hayana Kiswahili. Waliokuwapo walicheka, na mazungumzo yakaendelea. Hata hivyo, jibu hilo halikustahili kupita hivihivi. Aliyelitoa ni mwanafunzi wa Kiswahili, naye alikuwa akieleza kitendo ambacho wawindaji, wavuvi na wezi waliozungumza lugha hii walikifanya na kukitaja karne nyingi kabla ya tarakilishi kuundwa.

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Hatudai kwamba kila neno la teknolojia limekwisha kupata mwenzake katika Kiswahili. Tunalodai ni kwamba dhana ya msingi ya mfumo huu, yaani mtu kumkaribia mwenzake bila ya mwenzake kujua, imo ndani ya lugha yetu. Isitoshe, imegawanywa kwa namna inayomsaidia hata mchezaji kuuelewa mchezo wenyewe vizuri zaidi.

2.0 Historia Fupi

Michezo ya kuigiza wahusika haikuanzia kwenye tarakilishi. Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mwaka uliofuata, 1975, nyongeza ya mchezo huo iitwayo Greyhawk ilileta mhusika mwizi. Mwizi huyo alipewa uwezo wa kutembea bila kelele na uwezo wa kujificha kivulini, kila mmoja ukipimwa kwa asilimia. Mchezaji alirusha dadu, na dadu ikaamua kama amefaulu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tangu mwanzo, kujificha kulichukuliwa kuwa suala la uwezekano. Mwizi hakuwa na hakika ya kufichika, bali alikuwa na nafasi ya kufichika. Mchezo wa EverQuest, uliotolewa mwaka wa 1999, ulirithi wazo hilo na kulipeleka mtandaoni. Humo, uchawi wa kutoonekana ungeweza kumwishia mtu ghafla akiwa katikati ya maadui, na walikuwapo viumbe walioweza kumwona aliyejificha kwa uchawi huo. World of Warcraft ilipofika mwaka wa 2004 ilikuta misingi hiyo imekwisha kuwekwa, ikaijengea kanuni zake yenyewe.

3.0 Vitenzi vya Unyatiaji

Kabla ya kuingia katika kanuni hizo, ni muhimu tutofautishe vitenzi vinne ambavyo mara nyingi huchanganywa.

(a) Kunyata ni kutembea polepole kwa ncha za miguu ili usisikike. Kitenzi hiki huelezea mwendo tu. Mama anaweza kunyata ili asimwamshe mtoto.

(b) Kunyatia, au kunyemelea, ni kumwendea mtu au kitu kwa mwendo huo ukiwa na nia fulani. Kauli ya kutendea ndiyo inayoleta mlengwa. Anayenyata ana hadhari tu, ilhali anayenyatia ana shabaha.

(c) Kuvizia ni kujificha mahali ukimngoja mlengwa akufikie. Mviziaji hatembei; mlengwa ndiye atembeaye.

(d) Kuotea ni kukaribiana na kuvizia, lakini hutilia mkazo kungojea wakati mwafaka wa kushambulia.

Mchezo tunaouzungumzia una vitendo hivi vyote, na kanuni zake huvitofautisha. Mhusika anaponyatia, mwendo wake hupungua. Watu wa kabila la usiku, ambao ni mojawapo ya makabila ya ulimwengu wa Azeroth, wana kipawa cha kuzaliwa cha kujificha ambacho katika toleo la awali hufanya kazi pale tu wanapotulia tuli. Wakipiga hatua moja, kipawa hicho hukatika. Kwa Kiswahili tungesema kuwa kipawa hicho huwawezesha kuvizia, lakini hakiwawezeshi kunyatia. Sentensi hiyo moja inamaliza maelezo yote.

4.0 Kanuni za Mfumo

4.1 Nani anayeweza kujificha

Makundi mawili ya wahusika ndiyo yenye uwezo kamili wa kunyatia. La kwanza ni la wahusika ambao hapa tutawaita ayari. Ayari, kama msomaji ajuavyo, ni mtu mjanja na mlaghai. Abunuwasi wa hekaya zetu ni ayari wa kupigiwa mfano. Ayari wa Azeroth huvaa ngozi badala ya chuma, na silaha zake ni nyepesi. Hawezi kustahimili mapigo ya askari aliyevaa deraya. Asipochagua yeye wakati wa pambano, kwa kawaida hushindwa. Kundi la pili ni la waganga wa msituni, wenye uwezo wa kujigeuza wanyama. Mganga hujificha akiwa katika umbo la mnyama wa jamii ya paka, naye huupata uwezo huo afikapo ngazi ya 20, ilhali ayari huanza nao tangu ngazi ya kwanza.

Kujificha kuna gharama mbili. Kwanza, haiwezekani kuanza kujificha ukiwa vitani. Pili, mwendo hupungua. Ayari wa daraja la kwanza hupoteza asilimia 50 ya kasi yake, na akifika daraja la nne, katika ngazi ya 60, hupoteza asilimia 30. Methali isemayo simba mwenda pole ndiye mla nyama imegeuzwa hapa kuwa hesabu: atakaye nyama sharti akubali kwenda pole.

4.2 Hesabu ya kuonekana

Aliyejificha hawi salama kabisa. Mambo matatu makuu huamua kama ataonekana. La kwanza ni umbali: kadiri anavyokaribia ndivyo anavyozidi kuonekana. La pili ni tofauti ya ngazi. Ayari wa ngazi ya 60 anaweza kupita karibu sana na kiumbe wa ngazi ya 40, lakini ayari wa ngazi ya 40 huonwa kutoka mbali na kiumbe wa ngazi ya 60. La tatu ni upande ambao mlengwa ameuelekea. Anayemjia mtu kutoka mgongoni huwa na nafasi bora kuliko anayemjia usoni.

Viumbe wanaoendeshwa na tarakilishi hutoa ishara kabla ya kushambulia. Kiumbe akianza kuhisi kuwapo kwa ayari hugeuka, humtazama upande aliko, na kutoa sauti ya kushtuka. Ayari mwerevu hurudi nyuma papo hapo. Asiporudi, kiumbe humshambulia.

Ayari anaweza pia kuyatumia macho ya adui kwa faida yake. Ana mbinu ya kurusha kitu mbali kidogo ili viumbe wageuke kukitazama kwa muda wa sekunde 10, naye apite nyuma yao. Ni hila ileile ya mtoto anayetupa jiwe upande wa pili wa ua ili mbwa akimbilie huko.

4.3 Pigo la kwanza

Thamani kubwa ya kunyatia imo katika pigo la kwanza. Yako mapigo ambayo ayari hawezi kuyatoa ila akiwa amejificha. Pigo la kuvizia huhitaji jambia na sharti litolewe kutoka mgongoni, nalo huumiza sana. Pigo la kupumbaza linaweza kutolewa hata kutoka mbele, nalo humwacha mlengwa ameduwaa kwa sekunde nne. Pigo la kuzimisha humlaza adui ambaye hajaingia vitani, lakini lina masharti: mlengwa awe na umbile la kibinadamu, na asiguswe na pigo jingine, kwani akiguswa atazinduka. Ndiyo sababu mganga aliyejigeuza mnyama hazimishwi kwa pigo hili katika toleo la awali. Kanuni humhesabu kuwa mnyama.

4.4 Kutoweka

Kanuni ya kutojificha vitani ina ruhusa moja. Ayari anaweza kutoweka ghafla katikati ya pambano. Katika toleo la awali alihitaji unga maalumu ulionunuliwa dukani, na baada ya kutoweka alingoja dakika 5 kabla ya kuweza kufanya hivyo tena. Matoleo ya baadaye yameondoa haja ya unga huo. Kutoweka ni njia ya kuokoa maisha, lakini pia ni njia ya kuanza upya, kwa maana aliyetoweka anaweza kurudi na kutoa pigo la kwanza mara ya pili.

4.5 Wafichuaji

Kila kinga ina dawa yake. Mwindaji hurusha mwanga unaowafichua wote waliojificha katika eneo fulani. Wahusika wa kabila la binadamu wana kipawa cha kuongeza makali ya macho yao kwa sekunde 20. Mchawi wa moto na barafu hupiga uchawi unaowaumiza wote waliomzunguka, awe anawaona au hawaoni. Akimgusa ayari, ayari hujitokeza. Vilevile, sumu au jeraha linaloendelea kuuma humtoa mtu mafichoni.

5.0 Ficha na Watoto Wake

Sasa tuitazame familia ya kitenzi ficha, maana ndani yake mfumo mzima umo.

Ayari hujificha: anatenda na kutendewa mwenyewe. Baada ya kujificha, amefichama: kauli ya kutendama huonyesha hali ya kudumu ambayo mtu yumo. Akiwa mbali na adui, amefichika: inawezekana asionwe. Mwindaji akirusha mwanga, anamfichua: kauli ya kutendua huiondoa hali ya awali. Naye ayari, kwa upande wake, amefichuliwa. Lakini ayari akitoa pigo bila kulazimishwa na yeyote, hakufichuliwa, amejifichua.

Tofauti kati ya kufichuliwa na kujifichua si ya wanasarufi peke yao. Ayari anayejifichua amechagua wakati, mahali na pigo. Anayefichuliwa amenyang'anywa vyote vitatu. Wachezaji wakisema tu kwamba fulani alionekana, wanaificha tofauti iliyoamua mshindi.

6.0 Jicho la Mashine na Jicho la Mtu

Tumefika kwenye kiini cha makala. Mchezo wa mtandaoni haumo wote katika tarakilishi ya mchezaji. Upo katika seva, yaani tarakilishi kuu inayowaunganisha wachezaji. Seva ndiyo ijuayo kila mtu yuko wapi, nayo huipelekea kila tarakilishi habari zinazoihusu. Ayari anapokuwa amefichika machoni pa mchezaji fulani, seva haipeleki kabisa habari za mahali alipo kwa tarakilishi ya mchezaji huyo. Uamuzi huu una sababu nzito. Lau habari hizo zingepelekwa na kiwambo kuamriwa tu kisizionyeshe, mtu mwenye nia mbaya angeweza kuunda programu ya kuzisoma, na kujificha kungekuwa kazi bure. Siri iliyo salama ni ile isiyotumwa.

Basi kuna hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, seva hukokotoa kama ayari anaonekana. Kauli hii ya kutendeka hueleza uwezekano: hali ya kitu kuweza kutendwa, hata kama hajatokea wa kukitenda. Katika hatua ya pili, mchezaji mwenyewe humwona. Hapo ayari ameonwa: kauli ya kutendwa hudai mtendaji, yaani mtu mwenye macho.

Kwa kiumbe anayeendeshwa na tarakilishi, hatua hizi mbili ni moja. Akishaonekana, ameonwa. Mashine haisinzii wala haigeuki kujibu simu. Kwa adui ambaye ni binadamu, baina ya kuonekana na kuonwa pana nafasi. Ayari anaweza kuonekana kama kivuli hafifu pembeni mwa kiwambo, lakini mwenye kiwambo anatazama kwingine, au amechoka, au anadhani ni mwenzake. Katika nafasi hiyo nyembamba ndimo ustadi wa mchezaji hodari ulimo. Asiyeitambua hujifunza kanuni za mashine akadhani amemaliza masomo.

7.0 Mfano: Bendera ya Arathi Basin

Uwanja wa vita uitwao Arathi Basin, ulioongezwa mwaka wa 2005, unatoa mfano mzuri. Timu mbili za watu 15 kila moja hugombea vituo 5. Kila kituo kina bendera, na anayetaka kukiteka sharti asimame penye bendera kwa sekunde kadhaa bila kupigwa.

Tuchukulie kuwa kituo kina mlinzi mmoja. Ayari wa upande wa pili ananyata kutoka vilimani. Mlinzi yuko peke yake kwa dakika nyingi na haoni kitu. Ayari anamzunguka, anamjia mgongoni, anampiga pigo la kuzimisha. Mlinzi sasa amelala, lakini macho ya mchezaji mwenyewe yako wazi mbele ya kiwambo. Anamwona ayari akiishika bendera, naye hana la kufanya ila kuandika haraka kuwaomba wenzake msaada. Ayari naye haruhusiwi kumgusa, kwa kuwa pigo moja tu litamzindua. Wawili hao wanatazamana, mmoja akihesabu sekunde, mwingine akiomba ziishe.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba lengo la kunyatia si kuua tu. Hapa hakuna aliyekufa, na kituo kimetekwa. Aidha, kinatuonyesha kosa la mlinzi. Alitegemea kumwona adui, ilhali alipaswa kutarajia adui asiyeonekana: azungukezunguke, abadilishe upande anaoutazama, na kama ni mchawi, apige uchawi wake hewani mara kwa mara. Mlinzi anayengoja kuona kwanza ndipo atende amekwisha kuchelewa.

8.0 Unyatiaji na Taharuki

Mwanafunzi wa fasihi atakuwa amekwisha kutambua jambo analolijua. Hadhira inapojua jambo ambalo mhusika jukwaani halijui, huzaliwa kinaya cha kidrama, na humo taharuki hukua. Ayari anapomsogelea mlinzi, yeye ni mhusika na pia ni hadhira. Anayajua yatakayotokea, na anamtazama asiyeyajua. Tofauti ni kwamba katika tamthilia hadhira haiwezi kukohoa ikamwonya mhusika. Katika mchezo huu, kikohozi cha hadhira, yaani hatua moja ya ziada, kinaweza kuubadilisha mwisho. Kwa hiyo michezo ya aina hii inastahili kuchunguzwa kwa zana za uhakiki tulizo nazo.

9.0 Mapengo ya Istilahi

Haitakuwa haki kudai kwamba hakuna upungufu. Tulipoandika makala haya tulikwama mara tatu. Kwanza, ule muda ambao mchezaji hulazimika kungoja kabla ya kurudia mbinu fulani hauna jina lililozoeleka. Tunapendekeza muda wa kupoa, kwa sura ya chuma kilichotoka motoni. Pili, kitendo cha kiumbe kumchagua mchezaji mmoja na kumwandama kinahitaji neno, tunapendekeza uandamaji. Tatu, kundi la wahusika wenye uwezo wa aina moja huitwa kwa majina mengi. Sisi tumetumia kundi, ingawa tunakiri kwamba neno hilo lina kazi nyingine nyingi.

Mapendekezo haya yanaweza kukataliwa, na hilo si neno. Istilahi haiwekwi kwa amri, huishi inapotumiwa. Muhimu ni kwamba mapengo hayo matatu yako pembezoni mwa mfumo. Katika moyo wake, yaani kunyata, kunyatia, kuvizia, kujificha na kufichua, hatukulazimika kubuni neno hata moja.

10.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mfumo wa unyatiaji katika World of Warcraft unategemea umbali, ngazi na mwelekeo wa macho. Kwamba nguvu yake imo katika pigo la kwanza na katika uwezo wa kuchagua wakati. Na kwamba mpaka kati ya kuonekana na kuonwa ndio unaomtofautisha adui wa mashine na adui wa kibinadamu. Tumeonyesha pia kwamba sarufi ya Kiswahili ilikuwa na mpaka huo tayari.

Mwenzetu wa bwenini, basi, hakukosa maneno. Alikosa mazoea ya kuyatumia nje ya chumba cha mtihani. Minyambuliko ya vitenzi aliikariri akapata alama, kisha akaiacha kwenye karatasi. Sisi tunaosoma Kiswahili tukishindwa kuzungumza nacho tunapocheza, tutamlaumu nani asipokizungumza mhandisi au daktari?

Maswali ya Kujadili

1. Tofautisha kunyata, kunyatia, kuvizia na kuotea kwa kutunga sentensi zinazohusu mchezo wowote unaoufahamu, wa tarakilishi au wa uwanjani.

2. Nyambua kitenzi ona katika kauli ya kutendwa, kutendeka, kutendana na kutendesha. Eleza jinsi kila kauli inavyoweza kutumiwa kuelezea uhusiano wa ayari na mlinzi wake.

3. Je, unakubali kwamba kauli ya kutendeka hueleza uwezekano pekee? Toa mifano inayounga mkono na inayopinga.

4. Pendekeza istilahi mbadala za muda wa kupoa na uandamaji, na ueleze vigezo ulivyovitumia.